UZI: Kuweka pawa stelingi na breki za mbele kwenye semi ya zamani, tuongee kwa vipimo

Kibaigwa78
Wakuu habari za Dodoma. Gari ni semi ya Kimarekani ya 1978, injini Cummins NTC 290, usukani upo kushoto na ni wa nguvu za mikono. Difu mbili nyuma, chemba (vikopo vya upepo vinavyosukuma breki) namba 30 zote nne. Mbele hakuna breki kabisa: habu tupu, na stabu ekseli (vichwa vya ekseli vinavyobeba habu) hazina hata matundu ya kufungia spaida, kile kitako cha viatu vya breki. Tenki za upepo zipo mbili, kila moja kipenyo sm 24 na urefu sm 65. Futi valvu (valvu ya pedali ya breki) ni ya sakiti moja.

Kazi ni mahindi ya Kibaigwa na saruji, njia za Singida na Morogoro. Nataka kuweka pawa na breki za mbele. Lianze lipi? Boksi gani ya stelingi ikae? Na upepo wa tenki hizi utatosha? Naomba vipimo tafadhali, "weka tu itakubali" nimeshaisikia ya kutosha.

Fundi wa Nala
Mkuu, hizo si kazi mbili, ni moja, na inaamuliwa na ekseli.

Kwanza tuelewe kwa nini gari lako liko hivyo. Kwa sheria ya Marekani, gari la ekseli tatu au zaidi lililotengenezwa kabla ya tarehe 25 Julai 1980 halilazimiki kuwa na breki kwenye magurudumu ya usukani. Hata waliokuwa nazo wengi walizizima zisifanye kazi. Usukani wa mkono ukiwa na breki za mbele, upande mmoja ukishika kabla ya mwingine, usukani unamponyoka dereva. Kwa hiyo breki bila pawa usiweke. Pawa bila breki inaendesheka, lakini utafungua ekseli ileile mara mbili.

Stabu ekseli isiyo na flenji ya spaida usiibuni. Watu huchomelea kipande cha bamba na kutoboa matundu. Stabu ekseli ni chuma cha kufuliwa. Ukikichomelea, pembeni ya weldi panakuwa pagumu na pa kukatika, na hapo ndipo nguvu yote ya breki inapopita. Tafuta ekseli nzima ya mbele kwenye gari la miaka ya tisini lililochinjwa, ya daraja la ratili 12,000 (kama tani 5.4), ikiwa na stabu ekseli, spaida, S-kemu (shafti inayotanua viatu), habu, dramu na tairodi. Kwenye gari hilohilo chukua boksi ya stelingi, pitimani (mkono unaotoka kwenye boksi), draglinki (fimbo ya kutoka pitimani kwenda ekseli) na shafti ya kushuka kutoka kwenye usukani. Vitu vilivyozaliwa pamoja vinakupunguzia hesabu.

Kabla hujalipa, toa futi pima hivi: katikati ya springi hadi katikati ya springi, kingpini (pini ambayo gurudumu hugeukia) hadi kingpini, upana wa kitako cha springi na nafasi za matundu ya U-bolti, na bimu imeshuka kiasi gani kutoka usawa wa kingpini. Nafasi ya springi ikitofautiana hata sm 2, achana nayo. Bimu haikunjwi wala haitobolewi upya.

Gia ya Pili
Breki za mbele kwenye semi ni za kujitafutia balaa. Ukikanyaga kwenye vumbi au tope, mbele inafunga na usukani haugeuzi tena. Wazee walizizima kwa sababu.

Fundi wa Nala
Sababu nimeitaja hapo juu kaka, usukani wa mkono. Ukikanyaga breki uzito unahamia mbele, kwa hiyo matairi ya mbele ndiyo yanayoongezewa mshiko wakati ya nyuma yanaupoteza. Semi isiyo na breki mbele inafunga magurudumu ya difu mapema, na difu likifunga tela inaanza kulisukuma kichwa pembeni. Huko ndiko kukunjana.

Kulikuwa na swichi ya dashibodi ya barabara kavu na barabara ya utelezi. Ukiiweka utelezi, upepo wa mbele unakatwa nusu. Madereva waliiacha hapo mwaka mzima, kavu na mvua. Usiitafute, funga kwiki rilizi (valvu ya kuachia upepo haraka) ya kawaida mbele, upepo uende wote.

Gia ya Pili
Sawa, kwa tela nakubali. Ila chemba ndogo mbele, siyo namba 30!

Fundi wa Nala
Hapo tuko pamoja. Namba 20.

Grisi Nyeusi
Nimalizie la boksi kabla halijapotea.

Boksi zinazokaa kwenye magari haya ni za aina ya TRW TAS65, Sheppard M100 au ZF 8098. Zote zinabeba ekseli ya tani tano na nusu. Cha kwanza kuangalia ni upande wa usukani. Boksi ya gari la usukani wa kushoto na ya kulia zinatofautiana mkato wa nyuzi za skrubu ya ndani. Ukifunga ya upande mwingine, unakata kulia gari linaenda kushoto. Na msidanganyane kwamba ukibadilishana hosi za kwenda na kurudi itageuka. Haigeuki, unachoma sili tu.

Kuifunga kwenye chesesi:
– Toboa ubavuni mwa chesesi tu. Mabawa ya juu na chini usiyaguse, na tundu likae angalau sm 5 kutoka kwenye bawa.
– Ndani weka bamba la kuongeza nguvu la mm 8 hadi 10 lenye urefu unaopita boksi pande zote mbili. Lifungwe kwa boliti, lisichomelewe. Chesesi za magari haya zimepikwa kwa moto kiwandani, weldi inaua ule ugumu.
– Boliti za M16 daraja 10.9 au za inchi 5/8 daraja 8, na washa ngumu. Kaza kwa toki renchi kati ya Nm 250 na 300. Boliti laini zinarefuka, boksi inaanza kucheza, halafu unalaumu pampu.

Pitimani ina alama kwenye meno, na shafti ya boksi ina alama. Zikutane. Ukiruka jino moja, boksi inafika mwisho upande mmoja kabla magurudumu hayajafika.

Shafti ya kushuka kutoka kwenye usukani: jointi za msalaba mbili zikae uma kwa uma kwenye mstari mmoja. Zikipishana, usukani unakuwa mwepesi-mzito, mwepesi-mzito, mara mbili kila mzunguko. Mtu akikwambia "boksi imekufa" na dalili ni hiyo, angalia jointi kwanza.

Bomba Nusu
Na pampu je? Kwenye injini nyingine unaiweka nyuma ya kompresa ya upepo.

Grisi Nyeusi
Kwenye 855, ukoo wa injini hii ya NTC, pale nyuma ya kompresa pamekaliwa na pampu ya dizeli ya PT. Kama huna giya ya ziada mbele, njia ni mkanda kutoka puli ya mbele na breketi yako mwenyewe.

Hesabu: boksi hizi zinataka kati ya lita 12 na 16 kwa dakika. Injini polepole ni mizunguko 600. Pampu ya sentimita za ujazo 16 kwa mzunguko, ukiipa puli ya kuizungusha mara moja na nusu, inafika 900. 900 × 16 ni lita 14.4, toa kinachovuja ndani, unabaki na kama 13. Inatosha. Ukiifunga moja kwa moja bila kuongeza kasi unapata lita 9.6, na dereva atasema "usukani unagoma nikipaki, nikikanyaga mafuta unalainika." Hiyo ni dalili ya lita chache, siyo presha ndogo. Angalia tu pampu yenyewe inaruhusu kasi gani, maana injini ikifika 2,100 yeye yuko 3,150. Na uelekeo wa kuzunguka umeandikwa kwenye pampu kwa mshale, usome kabla ya kulipa.

Presha weka bar 150. Kwa lita 12 kwa bar 150 pampu inakula kilowati 3 hata injini ikiwa polepole. Mkanda mmoja mwembamba utapiga kelele na kuungua. Weka miwili.

Bomba Nusu
Kwenye hosi naingia mimi. Hosi ya presha ya nusu inchi yenye waya tabaka moja inaishia bar 140 hadi 160 hivi. Hapo umeshakaa ukingoni. Chukua ya waya tabaka mbili. Ya kurudi inaweza kuwa ya mafuta ya kawaida ya inchi 5/8. Ya kunyonya kutoka tenki kwenda pampu iwe na waya wa kuzunguka ndani, vinginevyo inajibana ikipata moto na pampu inaanza kulia kama mbuzi.

Tenki likae juu ya pampu, liwe na filta ya maikroni 10 na kifuniko chenye kipumulio kizima. Kwa vumbi la Bahi hadi Manyoni, kipumulio kilichopasuka kinakula boksi taratibu.

Na hili ndilo linaloua boksi mpya nyingi: hosi inakatwa kwa grainda. Mpira uliosagika na chembe za waya zinabaki ndani. Zinakwenda moja kwa moja kwenye valvu ya boksi, usukani unaanza kujivuta wenyewe upande mmoja. Kata kwa kisu cha hosi, puliza upepo, pitisha kitambaa chenye dizeli, puliza tena, kisha ziba ncha zote kwa plastiki hadi saa ya kufunga.

Kibaigwa78
Nashukuru wakuu. Mafuta yapi? Na nikiamua kuweka boksi kwanza kwenye ekseli yangu ileile wakati natafuta ekseli nyingine?

Grisi Nyeusi
Mafuta: Sheppard inatumia oili ya injini 15W-40, ZF inapenda ATF, TRW inakubali zote mbili. Chagua moja, usichanganye. Mfumo mzima unakula kama lita 4 hadi 6.

Kutoa upepo: inua mbele matairi yasiguse chini. Jaza tenki, piga stata bila kuwasha, jaza tena. Washa, geuza kushoto na kulia polepole bila kugonga mwisho, mwenzako akiwa na dumu mkononi. Mafuta yakiwa na povu la rangi ya maziwa, bado kuna upepo. Zima, ngoja litulie, rudia.

La ekseli ya zamani namwachia Nala, maana ni la kasta, yaani kingpini kulala kuelekea nyuma.

Fundi wa Nala
Hapo ndipo gari nyingi zilizowekewa pawa zinapoharibika, na hakuna anayejua kwa nini.

Ekseli ya usukani wa mkono imewekewa kasta ndogo, kati ya 0 na nyuzi 1 hivi, ili dereva aweze kugeuza. Ekseli ya pawa inataka nyuzi 3 hadi 5. Ukiweka boksi ya pawa kwenye ekseli ile bila kugusa kasta, usukani haurudi katikati baada ya kona, na kwenye barabara iliyonyooka gari linatangatanga. Dereva anashinda akirekebisha, akifika Manyoni mabega yamekufa kuliko alipokuwa na usukani wa mkono.

Dawa ni kabari za chuma kati ya springi na kitako cha bimu. Kwa springi iliyokaa juu ya ekseli, upande mnene wa kabari unakaa NYUMA. Una nyuzi 1, weka kabari ya nyuzi 3, unapata 4. Kabari moja kila upande, zisipandishwe mbili, na pande zote ziwe sawa. Ni chuma kigumu au alumini iliyotengenezewa kazi hiyo. Bati lililokunjwa linafyatuka.

Kupima bila mashine: paki sakafu ya zege iliyolala sawa, chukua pima maji ya kusoma nyuzi, iweke sehemu iliyolainishwa kiwandani kwenye kitako cha bimu, kutoka mbele kwenda nyuma. Soma. Kisha iweke juu ya chesesi pale ilipo sawa, soma. Kumbuka gari lisilo na tela nyuma linakaa juu; bila kuihesabu tofauti ile unajidanganya nyuzi moja nzima.

U-bolti za zamani hazirudi. Mpya za inchi 3/4 zikazwe kwa msalaba hadi kama Nm 400, na zikazwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000.

Utingo Manyoni
Kingpini mmezisahau. Pawa inaficha uchovu wa kingpini na ncha za tairodi. Usukani wa mkono ulikuwa unakupa taarifa mkononi, pawa haikuambii kitu. Inua, shika tairi juu na chini tikisa, kisha pembeni kwa pembeni tikisa. Kikicheza kitu, badilisha kabla ya boksi kupanda.

Fundi wa Nala
Sahihi kabisa. Na draglinki ya zamani nayo itupwe, ncha zake hazikutengenezwa kwa nguvu ya boksi ya pawa.

Sasa breki. Dramu za mbele kwa ekseli ya daraja hili ni inchi 15 kwa 4. Mpya ni mm 381, ikifika 384 ni chuma chakavu. Chemba namba 20, slaki (mkono unaounganisha fimbo ya chemba na S-kemu) ya inchi 5½ pande zote mbili. Namba 20 maana yake ni inchi za mraba 20: kwa psi 100 inasukuma ratili 2,000, kama kilo 900. Namba 24 kushoto na 20 kulia, au slaki ya 5 upande mmoja na 5½ mwingine, gari litavuta upande na hakuna alaimenti itakayoliponya. Laining nazo ziwe za katoni moja, namba moja.

S-kemu ya kushoto na ya kulia ni tofauti. Ukizibadilishana, viatu vinapanda upande usio wake.

Slaki na fimbo ya chemba zikutane kama pembe mraba ya fundi seremala breki ikiwa imekanyagwa. Safari ya fimbo kwa chemba 16, 20 na 24 za kawaida isizidi mm 45. Kwa 30 za nyuma isizidi mm 51. Pima psi 90 hadi 100 ikiwa imekanyagwa, siyo kwa kuvuta na mkono.

Bomba Nusu
Upepo. Kanuni ya Marekani: jumla ya tenki za kichwa iwe mara 12 ya ujazo wa chemba zote. Namba 20 inahesabiwa inchi za ujazo 54, namba 30 inahesabiwa 89.

Mbele: 2 × 54 = 108. Nyuma: 4 × 89 = 356. Jumla 464. Mara 12 ni 5,568, sawa na lita 91.

Tenki zako: 24 × 24 × 0.785 × 65 ni kama lita 29.4 kila moja. Mbili ni 59. Unapungukiwa na 32. Weka la tatu la lita 35 uachane na mawazo.

Lakini usiliunganishe tu kwenye mstari. Futi valvu ya sakiti moja itoke, iingie ya sakiti mbili. Tenki la kwanza kutoka kompresa ni la kukusanya maji. Kutoka hapo yanagawanyika mawili, kila moja lina valvu ya kutorudi nyuma mlangoni: moja nyuma, jingine mbele. Bomba la nyuma likipasuka kwenye mteremko wa Sekenke, mbele ibaki na upepo wake.

Gia ya Pili
Kwenda Sekenke bila gia ndogo hata mngeweka chemba namba 36 mbele...

Bomba Nusu
😂 Hilo halina ubishi.

Utingo Manyoni
Nyongeza ndogo inayosahaulika: chemba ikishakaa, geuza usukani hadi mwisho pande zote, gari likiwa limeinuliwa na baadaye likiwa chini. Angalia chemba na breketi yake dhidi ya draglinki, springi na tairodi. Pawe na nafasi ya mm 20 au zaidi. Hosi ya chemba ifuate hivyohivyo. Ikinyooka kama kamba ya kuanikia nguo pale usukani umekata wote, ni fupi. Ikilala kwenye tairi, ni ndefu.

Grisi Nyeusi
Na huko mwisho wa kona kuna kazi ya boksi. Kwanza rekebisha boliti za kuzuia kwenye ekseli. Baada ya hapo rekebisha valvu za ndani za boksi ili presha ishuke kidogo KABLA stabu ekseli haijagonga boliti. Ukiacha presha yote inasukuma huku ekseli imegonga, unapinda mkono wa stelingi na kuchemsha mafuta. Ukiwa na geji ya presha yenye koki ya kuziba mafuta, usizibe zaidi ya sekunde 5.

Kibaigwa78
Alaimenti nifanyie wapi kama mashine ya malori sipati karibu?

Fundi wa Nala
Magurudumu ya mbele yanataka kuangaliana mbele kwa mm 1.5 tu. Inua tairi, lizungushe ukilishikishia chaki na msumari hadi upate mstari mwembamba duara zima. Yafanye yote mawili, shusha, sukuma gari mbele mita chache likae. Pima mstari hadi mstari kwa mbele, usawa wa katikati ya habu, kisha kwa nyuma. Mbele pawe pafupi kwa mm 1.5. Kaza klampu za tairodi, pima tena, maana zikikazwa huwa zinasogea.

Beringi za habu: kaza ukizungusha, legeza, kisha rudisha hadi kucheza kwa habu kuwe kati ya mm 0.025 na 0.125 kwa dayo geji. Kwa mkono huwezi kuhisi hicho kipimo.

Bomba Nusu
Majaribio kabla ya kutoka gereji:
1. Gavana (kidhibiti cha kompresa) akate psi 120 hadi 125.
2. Zima injini, kanyaga breki shikilia dakika moja. Kichwa peke yake kisipoteze zaidi ya psi 3. Na tela, 4.
3. Mwaga tenki la nyuma hadi sifuri. Kanyaga: mbele lazima ishike. Jaza, mwaga la mbele: nyuma lazima ishike. Likigoma moja, valvu ya kutorudi imekufa au imefungwa kinyume, angalia mshale.
4. Kengele ya upepo mdogo ilie psi ikifika 60 au kabla ya hapo.

Halafu mizani. Pale Nala ekseli ya usukani wanaihesabu tani 8 kwa sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, lakini ekseli yako ya ratili 12,000 haikubali tani 8. Usisogeze kiti cha tela mbele kwa sababu mizani imekuruhusu.

Kibaigwa78
Nimeelewa. Nimepata ekseli Gerezani, Dar es Salaam: springi kwa springi zinalingana, dramu zinasoma 382, ila muuzaji ana chemba 20 moja na 24 moja.

Fundi wa Nala
Chukua ekseli, chemba mwachie. Nunua 20 mbili mpya. Na hizo dramu pima pande tatu kila moja kabla hujatoa hela; dramu ikisoma 382 hapa na 383 pale, imekwenda yai.